Barua ya Mtaa na Ushahidi wa Jirani

Ni wachache miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam ambao hawajapata kusimama mbele ya meza ya serikali ya mtaa wakiomba barua. Anayetaka kumdhamini nduguye, anayefungua akaunti benki, anayetafuta pasi ya kusafiria, wote huweza kuelekezwa hapo. Barua yenyewe ni fupi: inasema kwamba mtu huyu ni mkazi wa mtaa huu, na kwamba anafahamika. Kisha hupigwa muhuri. Maneno hayo ni machache, lakini yanazaa swali zito la maadili: je, yafaa kumshuhudia mtu usiyemjua?

Zamani swali hili halikuwa gumu. TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi alijua nani amejifungua, nani mgonjwa, na nani amepokea mgeni. Mara nyingine alijua kupita kiasi, akageuka mchunguzi wa jirani badala ya mlinzi wake. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa chama, na mwaka 1994 wakazi wakawachagua wenyeviti wa mitaa. Ibara ya 146 ya Katiba inatamka shabaha ya serikali za mitaa: madaraka yawafikie wananchi.

Lakini mitaa ya pembezoni imepanuka kuliko kufahamiana kwake. Mbagala na Charambe upande wa Temeke, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, palipokuwa mashamba sasa ni vyumba vya wapangaji waliotoka kila mkoa. Mabwepande ilipokea hata waliohamishwa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Watu hao wanashiriki kisima, njia na choo, bila kujuana majina.

Katika mtaa mmoja tulishuhudia jambo lililotutia haya. Mpangaji mmoja alifariki usiku chumbani mwake. Mwenye nyumba alimjua kwa jina la Fundi tu. Daftari la wakazi lilipofunguliwa, jina lake halikuwamo. Hata hivyo, katika jalada la ofisi ilionekana nakala ya barua aliyoandikiwa miezi michache nyuma, yenye sahihi na muhuri, ikisema kuwa anafahamika. Ofisi iliyotoa ushahidi huo haikuweza kusema maiti apelekwe kwa nani. Wakazi walichanga sanda, wakamzika bila ndugu hata mmoja.

Nani alikosa? Viongozi walisema wakazi hawahudhurii mikutano wala hawajiandikishi. Wakazi walisema muhuri hutolewa kwa anayelipa, na asiye na kitu huambiwa arudi kesho. Sisi twaona kwamba wote walisema kweli, na kwamba kosa la mmoja halifuti la mwenziwe. Kiongozi anayeuza barua kwa asiyemjua anauza uongo; anayemnyima jirani kwa kukosa fedha anauza haki. Naye mkazi anayeikumbuka ofisi siku ya shida tu anataka kujulikana bila kujijulisha.

Huenda mtu akasema mwenyekiti mmoja hawezi kujua maelfu ya watu. Ni kweli, ndiyo maana ipo kamati, yupo mtendaji, na upo mkutano wa wakazi wote. Kumjua mtu si kuzikariri sura zote, wala si kupekua siri za nyumba. Ni kuwa tayari kuuliza kabla ya kutia sahihi: unaishi wapi, pamoja na nani, na ukipatwa na jambo tumwite nani?

Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi wake: mwenyekiti wa mtaa wako anakujua? Nawe wamjua aliyepanga chumba cha pili? Hapo ndipo serikali ya mtaa inapoanzia, kabla ya kufika kwenye muhuri.