Nguvu za Kijana ni za Nani?

Katika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang wako vijana waondokao alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, wakakimbia katika baridi ya milima yetu hata jua lichomoze. Zamani watu waliudhani kuwa mchezo tu. Siku hizi twajua ya kuwa ni kazi, nayo hulisha watu. Kwa hiyo swali limezuka nyumbani mwetu, wala si swali dogo: nguvu za kijana huyu ni za nani? Je, ni zake mwenyewe, au za wazazi waliomlea, au za taifa ambalo jina lake limeandikwa kifuani pake?

Na tuanze na kijana mwenyewe. Gabriel Geay alizaliwa mwaka wa 1996 huko Tlawi, Mbulu. Tarehe 4 Desemba 2022 alikimbia marathoni ya Valencia, nchi ya Hispania, yaani kilometa 42 na mita 195, kwa saa 2 na dakika 3 kamili; kabla yake hakuna Mtanzania aliyekwenda mwendo huo. Mwezi wa Aprili 2023 akawa wa pili katika mbio za Boston, Marekani, nyuma ya Evans Chebet wa Kenya kwa sekunde 10 tu. Zawadi ya mtu wa pili ilikuwa dola 75,000.

Asikiaye hesabu hiyo husema, "Huyu amekwisha kutajirika." Lakini asemaye hivyo amehesabu mavuno, hakuhesabu shamba. Mwili wa mwanadamu hauwezi kukimbia marathoni kwa nguvu zake zote ila mara mbili au tatu kwa mwaka. Mshipa mmoja ukiumia, msimu mzima umepotea. Na miaka ya nguvu hizo ni michache. Yule aliyeshinda Valencia siku ile, Kelvin Kiptum wa Kenya, aliweka rekodi ya dunia huko Chicago mwaka wa 2023. Mwezi wa Februari 2024 akafa katika ajali ya gari, naye ana umri wa miaka 24.

Basi wengine husema: miguu ni yake, maumivu ni yake, kwa hiyo na fedha ni zake peke yake. Neno hili lina haki ndani yake, lakini halijatimia. Maana ni nani aliyechunga kwa zamu yake alipokuwa mazoezini? Ni nani aliyempa uji hali wengine nyumbani hawajashiba? Tena hewa nyembamba ya milima, ambayo humzoeza mkimbiaji, hakuiumba yeye.

Wengine husema kwamba nguvu zake ni za taifa. Hapa yatupasa kuwakumbuka watu wawili wa nchi yetu.

Wa kwanza ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika Olimpiki za Mexico City, mwaka wa 1968, alianguka njiani katika marathoni, akaumia goti vibaya. Watu 18 waliiacha mbio ile. Yeye alifungwa kitambaa mguuni, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akawa wa 57, wa mwisho kabisa. Kama angaliketi chini, hakuna mtu ambaye angalikuwa na haki ya kumlaumu. Aliyatoa mwenyewe maumivu yale.

Wa pili ni Filbert Bayi wa Karatu, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, akiwa na umri wa miaka 20, akamwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Mwaka wa 1976 watu wengi walitazamia kuwaona wakishindana tena katika Olimpiki za Montreal. Lakini Tanzania, pamoja na mataifa mengine ya Afrika zaidi ya 20, ilikataa kushiriki, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako watu weusi walikuwa wakionewa. Walker akaichukua dhahabu. Bayi alipata fedha mwaka wa 1980 huko Moscow, katika mbio nyingine, za kuruka viunzi na maji.

Je, taifa lilikuwa na haki? Sisi twasema ndiyo, kwa maana dhuluma ile ilikuwa kubwa kuliko nishani. Walakini na tusijidanganye: waliokata shauri hawakulipa kwa miguu yao. Sadaka hutolewa, haitozwi. Anayemtoza kijana miaka yake, hata kwa jambo la haki, amekuwa mdeni wake.

Kwetu iko desturi ya mtu kumweka ng'ombe wake kwa jirani. Yule jirani hunywa maziwa, wala hakuna amwitaye mwizi. Lakini yeye ndiye amlishaye na kumwangalia akiugua, tena hawezi kumchinja, maana si wake. Hivyo ndivyo zilivyo nguvu za kijana. Ni amana ya Mwumba, wala hata yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuiharibu kwa pombe au kwa dawa za kudanganyia mbio. Na kila anywaye maziwa, awe mzazi, au ndugu, au wakala, au chama cha riadha, au serikali, amejitwika kazi ya kulisha.

Kwa hiyo, enyi wazazi, fedha ya mbio ikifika nyumbani, sehemu ya kwanza na iwekwe kwa ajili ya siku ambayo miguu itachoka: shamba, nyumba, au elimu. Bayi alipokwisha kukimbia alijenga shule. Akhwari alirudi kulima. Nanyi vijana, msiwanyime waliowachungia zamu zenu. Nasi sote tujiulize kama yule aliyeshangiliwa jana, akipita leo akichechemea, tutamkaribisha bado mezani. Asiyeweza kujibu ndiyo, na aache kuomba maziwa.