Kitabu cha mapishi kisichotaja njaa

Vitabu vingi vya mapishi huanza pale ambapo kila kitu kimekwisha kuwa tayari. Kitunguu kimenunuliwa, maji yamechotwa, moto unawaka, na mpishi hana wasiwasi ila wa chumvi. Sisi tunaoishi Nundu, huku Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, tunajua kazi ya chakula huanza mbali zaidi. Nyuma ya sahani ya bugali na sombe kuna shamba lililoko mlimani, ambako kuna misimu mtu hathubutu kwenda peke yake. Kuna mzigo wa mihogo mgongoni mwa mama. Kuna mawese yaliyopanda bei, na kuna ndagala, ambao wavuvi wa taa hawawapati mwezi unapong'aa.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimpendekezee kitabu kizuri cha chakula, ninakipima kwa swali moja: je, kinataja njaa? Sina maana ya kitabu cha maombolezo. Nataka kitabu kinachojua kwamba chakula kina aliyekibeba, aliyekipika na aliyekikosa.

Cha kwanza katika orodha yangu huwashangaza watu, maana hakimo kabisa katika hesabu ya mapishi. Ni kumbukumbu za mwanamapinduzi Che Guevara za mwaka 1965, alipovuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba, akakaa karibu miezi saba katika milima yetu ya Fizi. Wengi hukisoma kwa ajili ya vita. Mimi hukisoma kwa ajili ya magunia. Chakula kilishushwa ufukoni, kambi ilikuwa juu mlimani, na suala la nani atakipandisha lilimchosha sana Tatu, kama alivyoitwa huku. Wapiganaji wa Kongo aliokuja kuwasaidia walikataa kubeba wakisema wao si magari. Che mwenyewe anakiri kwamba jeshi lile liliwanyonya wanakijiji: halikulima, halikufanya mazoezi, wala halikupigana sawasawa, lakini lilitaka kulishwa. Msomaji wa kwetu, ambaye ameona makundi mengi ya wenye silaha yakipita na kudai "mchango" wa mihogo, hahitaji kufafanuliwa kurasa hizo.

Cha pili ni cha Audrey Richards, Mwingereza aliyefanya utafiti miaka ya 1930 kwa Wabemba wa Zambia. Hao si Wabembe wetu; ni majina tu yanayokaribiana. Kitabu chake, Land, Labour and Diet in Northern Rhodesia, kilitoka mwaka 1939. Kukisoma si kwepesi, lakini kina heshima. Richards aliingia jikoni akapima kilicholiwa, akahesabu miezi ya njaa kabla ya mavuno, kisha akafuata sababu mpaka kwenye migodi ya shaba. Wanaume walikwenda huko kutafuta mshahara, na vijijini wakabaki wachache wa kukata matawi na kufungua mashamba mapya. Akaonyesha pia kwamba nafaka ghalani peke yake haimshibishi mtu: lazima awepo wa kuisaga, wa kuchota maji, wa kutafuta kitoweo. Tangu nikisome, kila ninaposikia mtu akisema wanawake wa kijiji fulani ni wavivu wa kupika, huuliza kwanza kisima kiko wapi.

Cha tatu kinatoka upande wa shibe. Ni kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani. Alizichapisha Ujerumani mwaka 1886. Jikoni mwa jumba la kifalme nyama, wali na matunda havikupungua. Lakini anaeleza pia nani aliruhusiwa kuketi kula na Sultani. Masuria waliomzalia watoto hawakula naye, na mama yake Salme alikuwa mmoja wao. Hata mahali ambapo hakuna anayelala njaa, chakula hutumika kumwonyesha mtu daraja lake.

Cha nne ni kitabu cha mapishi hasa. Hawa Hassan alizaliwa Somalia, vita vikamkimbiza akiwa mtoto, akapitia kambi ya wakimbizi Kenya kabla ya kufika Marekani. Mwaka 2020, pamoja na Julia Turshen, alitoa In Bibi's Kitchen, mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi. Kongo haikuwemo, kwa kuwa haigusi bahari hiyo. Mwaka 2025 akatoa Setting a Place for Us, kuhusu nchi nane zilizopigwa na vita, na humo Kongo imo. Hiki cha mwisho ninakipenda kwa sababu hakiruki habari za vita ili kufikia sufuria.

Kuna anayeniambia kwamba haya yote ni siasa, na kwamba mpishi anahitaji vipimo tu. Namjibu kwa mihogo michungu. Ina sumu ya sayanidi, na mama zetu huitoa kwa kuiloweka siku kadhaa, kisha kuianika. Ukiharakisha, sumu hubaki ndani ya unga. Anayekula unga huo wiki baada ya wiki bila samaki, nyama wala maharagwe anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usioponyeka. Watoto na wanawake ndio wanaopigwa zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938. Mwaka 2011 watafiti wakaeleza kwamba umeonekana hapa hapa Kivu Kusini, Burhinyi, wakauhusisha na vita.

Uhusiano huo ni rahisi kuuona. Mama aliyekimbizwa hana siku tatu za kuacha mihogo majini, na asiyefika ziwani hapati ndagala wa kuusaidia mwili kuishinda sumu. Mama huyo hakusahau mapishi. Aliyajua vizuri, akanyimwa muda.

Kwa hiyo yeyote atakayekaa kuandika mapishi ya Fizi, namwomba asiishie kwenye vikombe na vijiko. Aandike siku za kuloweka, aandike kwa nini hazipunguzwi, na aandike ni nini kilichowafanya watu wazipunguze. Kitabu kinachoficha habari hiyo kinaweza kumfundisha mgeni kusonga bugali. Mtoto wa Nundu hakitamlinda.