Picha ya Aliyedhulumiwa Hutundikwa kwa Idhini ya Nani?



Katika darsa zetu za karibuni limeletwa suali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa neno moja. Suali lenyewe ni hili: je, yafaa picha za watu waliofikwa na misiba ya vita na fitna zitundikwe hadharani, zikatazamwa na kila apitaye? Limezuka kwa sababu ya maonyesho ya picha za machafuko yaliyoifika Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007, na waliouliza walikuwa wakiifikiria khasa mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi. Wako waliosema kwamba ni haramu kwa kuwa ni picha, na wako waliosema kwamba ni wajibu kwa kuwa ni ushahidi. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika pindo moja la nguo ukadhani umeshika nguo nzima.

Walioshika uharamu wa picha hatutakaa nao sana. Sheikh Muhammad Abduh alilizungumza jambo hili tangu mwanzo wa karne ya ishirini akaona kwamba picha ihifadhiyo elimu na khabari haina ubaya wa sanamu iabudiwayo. Naye Sheikh Muhammad Bakhit, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala nzima kubainisha kwamba kazi ya kamera ni kukizuia kivuli alichokiumba Mola, wala si kuumba. Anayeikataa hoja hiyo ana haki yake. Walakini twamwomba atutazamie pasipoti aliyoendea Hija.

Tuliweke wazi lililotokea. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Disemba, na kabla ya jua la siku ya pili kuchwa nchi ilikuwa imekwisha kushika moto. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Katika miezi hiyo miwili, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, walikufa watu 1,133, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu. Huko Kibera soko la Toi lilichomwa moto, na vijana waliing'oa reli ya kwenda Uganda, vyuma vikatupwa kando kama mifupa ya samaki. Waliokimbia majumba yao walikwenda kulala katika uwanja wa Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, ambao kazi yake ya kila mwaka ni maonyesho ya ng'ombe wa gredi na mashine za kilimo.

Huenda msomaji akasema kwamba yale hayakuwa vita, maana hapakuwa na majeshi mawili. Mama aliyetoka mbio usiku na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, hakupata nafasi ya kuuliza jina lake. Na kwetu sisi jambo hilo lina jina la kale, nalo ni fitna, na maulamaa wetu waliliogopa jina hilo kuliko la vita.

Wala tusidhani kwamba Kibera ni nchi ya mbali isiyotuhusu. Waliolikata pori lile wakajenga mwanzo wa karne iliyopita walikuwa askari Wanubi wa jeshi la Kingereza, ndugu zetu katika dini, na jina lenyewe la Kibra ni la lugha yao, maana yake pori. Hao nao waliionja fitna Disemba 2001, pale wapangaji na wenye nyumba walipopigana kwa ajili ya kodi. Kwa hivyo ndani ya picha za Kibera wamo watu waliokuwa wakisimama safu moja nasi wakati wa sala.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Yaliyotangulia yalifanywa mwaka 2008, wakati majivu hayajapoa, katika nyumba ya sanaa ya GoDown huko Nairobi, yakaitwa Kenya Burning, na mwaka 2009 picha zake zikatolewa kwa kitabu pamoja na Kwani Trust. Mwaka huo huo wa 2009, Boniface Mwangi, ambaye wakati wa machafuko alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard, aliyatoa maonyesho ndani ya kuta akayapeleka njiani, mji kwa mji, akayaita Picha Mtaani.

Hapa pana tofauti kubwa, na ndipo penye moyo wa suali letu. Aingiaye katika nyumba ya sanaa amekusudia. Ametoka kwake, ameoga, anajua anakwenda kutazama nini, na akiona limemzidi atageuka arudi. Njiani hapana kusudi. Hupita muuza ndizi, hupita mtoto atokaye shule, hupita mjane ambaye mumewe aliuawa, na hupita pia yule aliyeshika panga siku ile, amekwisha kulirudisha jikoni. Wote husimama mbele ya picha moja. Twakiri kwamba fikra hiyo ni ya ushujaa, kwa sababu nyumba ya sanaa huwaonyesha moto wale ambao haukuwafika, na njia huwarudishia khabari wenyewe waliokuwamo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo khatari yake ni kubwa zaidi, kwani kidonda kinachofunuliwa mbele ya tabibu si sawa na kidonda kinachofunuliwa sokoni.

Dini imetuamrisha mambo mawili ambayo katika kadhia hii yaonekana kama yanapigana. Imetukataza kuficha ushahidi, na imetuamrisha kumsitiri mwenzetu. Mpiga picha asema: nikificha nilichokiona nimeshirikiana na dhalimu. Ndugu wa maiti asema: mama yangu hakupata kutoka nje bila ya buibui yake, na leo watu wamtazama alivyolala mtaroni. Yupi mwenye haki?

Sisi twaona kwamba ufunguo umo katika jambo tulilofundishwa katika Suratun-Nisaa, nalo ni kwamba kuyatangaza maovu kwa sauti hakupendezi, na aliyetolewa katika hukumu hiyo ni yule aliyedhulumiwa. Yataka tulifikiri vyema jambo hili. Ruhusa ya kupiga ukelele hakupewa mpita njia, wala mwandishi, wala mwenye gazeti. Amepewa aliyeumia. Basi mpiga picha si mwenye haki hiyo kwa nafsi yake. Yeye ni wakili. Na wakili hufanya kazi kwa idhini ya aliyemwakilisha, na akienda kinyume cha idhini hiyo, au akaitumia mali ya mwenyewe kujipatia sifa, uwakala wake umebatilika ijapokuwa kazi yake ni nzuri.

Tutaambiwa kwamba mtu akimbiaye risasi haulizwi idhini. Ni kweli, na hatusemi kamera ishushwe. Picha na ipigwe. Dharura ina hukumu zake. Lakini baina ya kupiga na kutundika upo wakati, nao aghlabu ni wa miezi na miaka. Maonyesho yaliyofanywa baada ya watu kurudi majumbani mwao, katika mji ule ule ambamo picha zilipigwa, hayana udhuru wa haraka. Kibera haikuhama. Anayetaka kuitundika sura ya mtu wa Kibera anaweza kwenda kumtafuta, akambishia hodi, akamwonyesha, akamwambia: hii ni sura yako, wasemaje? Na aliyekufa ana warithi. Na mtoto ana walii wake. Lakini hata walii hatumwoni kuwa na mamlaka ya kumtolea mtoto idhini ambayo mtoto atakuja kuijutia akiwa mtu mzima.

Tuna mfano ulio karibu na sisi zaidi, nao ni wa Unguja. Mauaji ya Januari 1964 yalipigwa picha kutoka angani na Wataliani wawili, Jacopetti na Prosperi, wakazitia katika filamu yao ya Africa Addio iliyotoka mwaka 1966. Filamu hiyo imelaumiwa kwa dharau yake kwa Mwafrika, na lawama hiyo ni ya haki. Na juu ya hayo, wako watu wa pwani hii ambao khabari za jamaa zao zimo katika dakika zile chache na hazimo penginepo, kwani miaka mingi iliyofuata haikuruhusu mtu kuzungumza. Basi tufanyeje na ushahidi wa kweli uliobebwa na mtu asiyetupenda? Kuutupa hatuwezi. Lakini tuangalie kilichokosekana: wale waliolala katika mashimo hawana majina humo, na hakuna hata mmoja wa jamaa zao aliyeulizwa neno. Wamekuwa hoja ya mtu mwengine. Hiyo ndiyo dhulma ya pili tunayoiogopa kwa watu wa Kibera na Kawangware, kwamba mtu apokonywe nyumba yake mwezi wa Januari na msiba wake upokonywe baadaye.

Na uko upungufu mwengine usioweza kuondolewa na mpiga picha hata akiwa mwema namna gani. Kamera huona kilicho wazi. Moto ni wazi, panga ni wazi, maiti ni wazi. Inaweza pia kumwona mwanamke aliyetandika sukuma wiki zake juu ya gunia huku moshi bado unafuka, na foleni ya mitungi ya maji, na kinyozi aliyefungua kwa sababu lazima ale. Na maonyesho yenye picha za namna hii twayaona bora kuliko yenye damu tupu, kwa kuwa humwonyesha mtu akiishi, si akifa tu. Walakini yule aliyemficha jirani yake wa kabila jengine chini ya kitanda, akasimama mlangoni akawaambia wenye marungu kwamba humu hamna mtu, huyo hakuweza kumwita mpiga picha. Wema wake ulitaka giza. Ukipita mbele ya picha mia moja za fitna, utatoka ukijua waliochoma, na hutajua waliookoa, nawe utakwenda kwako ukidhani kwamba walikuwa wachache.

Tena kuna yule aliyeonekana na panga. Picha yasema alikuwa nalo. Haisemi kama alikuwa akienda kuua au kumlinda mamaye. Ushahidi wa namna hiyo wataka hakimu, na hakimu hakupatikana. Kesi zilizofikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ziliondolewa mwaka 2014 na kukatizwa mwaka 2016, bila ya hukumu ya kutia hatiani wala ya kusafisha. Kwa hivyo mashahidi wamebaki ukutani na baraza limefungwa, na kila mtazamaji amejifanya kadhi.

Mambo haya hayakwisha mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, Kawangware ilishikwa tena, vibanda vikateketea, na safari hiyo simu ya kila kijana ilikuwa kamera. Picha zilienda mbio kuliko moto, nyingine za kweli na nyingine za mahali pengine kabisa, na hapakuwa na wa kuuliza zimepigwa wapi, wala na nani.

Ndugu waliotuuliza ni watu wa Mombasa, nasi tungependa kuwarudishia suali mlangoni pao. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika majuma yaliyofuata waliosakwa, nyumba kwa nyumba, walikuwa watu wa bara, wapangaji na majirani wetu. Maelfu yao walilala katika uwanja wa kanisa la Katoliki la Likoni, mwendo mfupi tu kutoka kivuko tukipandacho kila siku. Wengi walirudi makwao bara wasionekane tena hapa. Lau maonyesho ya siku zile yangetundikwa leo penye njia ya feri, tungelazimika kwanza kwenda Kitui, na Kisumu, na Murang'a, kuwabishia hodi.