Tembo wa Tabora na Haki Zilizomo Katika Dhahabu

Dini zenye maandiko zinalaani kulimbikiza dhahabu, yaani kuifungia mahali isikoweza kumfaa mtu, na kwa sababu hiyo mkusanyaji wa sarafu za kale, ambaye furaha yake yote iko katika kuzihifadhi zisitumike, anastahili kuulizwa kama naye hayumo katika laana hiyo. Swali hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ambako dhahabu haikai. Mchimbaji mdogo huutoa mwamba kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo na dhahabu kunaswa kwa zebaki, kisha huuzwa mara moja, siku hizi katika masoko ya madini kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, nayo huanza safari ya mbali. Aliyeichimba ndiye asiyebaki nayo.

Sarafu inayolisogeza swali hili karibu zaidi ni ile ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa kutoka baharini na fedha za Ulaya haziwafikii tena. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke, kusini-mashariki mwa Shinyanga, na kazi ya kuipiga chapa ilifanyika katika karakana ya reli, zikapatikana sarafu zipatazo 16,000 tu kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji mwezi Septemba mwaka huohuo. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani, na wa pili una tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Ni sarafu nzuri mno, na uzuri huo ndio unaotatiza, kwa kuwa tembo huyo ni yule ambaye pembe zake zilipitishwa Tabora kwa miaka mingi, mabegani mwa wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, kuelekea Bagamoyo. Na hata sarafu ilipokuwa ikipigwa, watu wa nchi hii walikuwa wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Hao hawaonekani popote katika sarafu.

Kumtumia mnyama hivyo hakukuanzia Tabora. Kaisari Domitian wa Roma alimweka kifaru kwenye sarafu yake ndogo kabisa, baada ya watu kumtazama mnyama huyo akipiganishwa uwanjani, na mwaka 248 Kaisari Philip, aliyeitwa Mwarabu, aliadhimisha miaka elfu ya Roma kwa sarafu zenye simba, swala na kiboko, ambao ni wanyama wa maonyesho yaleyale. Chapa za namna hiyo hutangaza kwamba mtawala amewatiisha hata wakali wa mwituni. Mnyama mwenyewe hapati heshima yoyote. Khalifa Abdulmalik bin Marwan aliikata njia hiyo mwishoni mwa karne ya 7 alipoziondoa sanamu kwenye dinari na kuweka maandishi matupu, na masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zenye maneno bila mnyama hata mmoja. Tanzania, katika sarafu zake za kwanza za mwaka 1966, ilichagua njia ya tatu iliyo bora kuliko watu wanavyodhani: ilimweka mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50, na sungura, mnyonge mwenye akili wa ngano zetu, hawezi kuwa alama ya kumtiisha mtu.

Kuhusu mali yenyewe, sheria ya Kiislamu ina jibu linalopimika. Nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia na kutimiza mwaka huwajibikiwa zaka, ni takriban gramu 85 za dhahabu. Sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7 na ziada, robo yake ikiwa si dhahabu, hivyo mwenye sarafu 16 za aina hiyo amefika nisabu, naye anadaiwa asilimia 2.5 kwa ajili ya maskini na wengine wanaostahili, hata kama yeye anaziita kumbukumbu. Injili nayo, katika mfano wa talanta, inamhukumu mtumishi aliyeifukia ardhini fedha aliyokabidhiwa.

Mkusanyaji ana utetezi wa kweli: bila yeye, sarafu nyingi za namna hii zingeyeyushwa na kuwa pete na herini. Utetezi huo unakubalika, lakini unamwondolea nusu tu ya lawama. Haki ya maskini imo katika uzito wa dhahabu na hulipwa kwa zaka au sadaka. Haki ya waliochimba na waliobeba imo katika chapa, nayo hulipwa kwa kuonyesha na kusimulia tu. Anayezifungia sarafu hizo sandukuni, zikionwa naye peke yake, ni mlimbikizaji, hata kama anajua kila tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo yeyote katika Shinyanga, Geita au Tabora aliyerithi sarafu ya tembo kwa babu au bibi yake asiipeleke kwa sonara ikapimwe kama chuma chakavu. Aipeleke kwanza ionwe katika makumbusho, iwe Bujora kwa Wasukuma au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na awaeleze wanawe dhahabu ile ilichimbwa wapi.