Namba ya Gauni na Amana ya Kipimo

Bismillahir Rahmanir Rahim



Tunapolisikia neno kupunja, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye mizani ya nyama, pishi ya mchele na kibaba cha unga. Ni nadra mtu kufikiri juu ya kile kitambaa kidogo kilichoshonwa nyuma ya ukosi wa gauni, chenye namba 12 au herufi XL. Lakini kitambaa hicho nacho chadai kuwa ni kipimo. Chamwambia mnunuzi: mimi ni wa mwili wa kadiri hii. Basi iwapo hakisemi kweli, nani mwenye dhima? Hilo ndilo suali letu leo, na kila nyumba yenye mama, mke au binti inalijua japo haijalitamka.

Ili tulione jambo hili kwa uwazi, natutoke kidogo mwambao twende bara, mahali ambapo kipimo ni mazungumzo ya kila siku. Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, ya kilimo na ng'ombe, na chini ya ardhi yake mna dhahabu. Huko mchimbaji mdogo aliyeshinda shimoni siku nyingi hukiweka alichopata juu ya mizani, na macho yake hayabanduki, kwani sehemu ndogo ya gramu moja ni chakula cha watoto wake. Dhulma ya mizani ilikuwa kilio cha wachimbaji kwa miaka mingi. Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ili mchimbaji auze hadharani, kwa mizani inayoaminika. Aidha nchi inao Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hukagua mizani na pampu za mafuta na kuzitia alama, na ambao kwa muda mrefu umepambana na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi ili mkulima apunjike.

Basi tumfikirie mwanamke wa mji huo huo. Mumewe ameuza dhahabu yake kwa mizani iliyokaguliwa, akampa fedha za gauni la Idi. Anakwenda sokoni. Nguo zimetundikwa, nyingine ni mitumba, nyingine ni mpya zilizopitia Kariakoo kutoka Guangzhou, Istanbul au Dubai. Chumba cha kujaribia hapana, na pengine hata pazia hapana. Mwanamke mwenye haya hawezi kujaribu nguo mbele ya umati wa watu. Hana basi cha kutegemea ila namba. Anachukua namba 14, kwa kuwa gauni lake la mwaka jana lilikuwa 14 na lilimkaa vyema. Anafika nyumbani, anafunga mlango, analivaa: kifua hakifungi, na kiunoni limembana hata hawezi kulitokea nalo mbele za watu. Akirudi dukani anaoneshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tazama, ndugu msomaji, fedha ile ile iliyolindwa kwa gramu asubuhi imepotea kwa namba jioni. Na aliyepata hasara kubwa zaidi ni yule aliyeshika haya yake. Mwanamke asiyejali angaliijaribu nguo pale pale mbele za watu, akaepukana na hasara.

Je, kwa nini namba hizi hazisemani? Sababu ya kwanza ni kwamba kila nchi ina namba zake. Gauni ambalo Uingereza huitwa 12, Marekani huitwa 8, Ujerumani 38, Ufaransa 40 na Italia 44. Nguo ni moja, majina ni matano. Marobota ya mitumba huzichanganya zote, na muuzaji huzitundika pamoja kana kwamba zimetoka katika kiwanda kimoja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi: namba hizo hazikutokana na miili yetu. Huko Marekani, katika miaka ya 1939 na 1940, wanawake karibu 15,000 walipimwa, kila mmoja sehemu 59 za mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa, lakini wanawake wasiokuwa weupe waliachwa nje ya hesabu. Juu ya msingi huo ndipo kilipowekwa kipimo cha taifa mwaka 1958. Kikalegezwa mwaka 1970, na mwaka 1983 serikali yao ikakiondoa kabisa. Tangu hapo kila mwenye kiwanda amekuwa na uhuru wa kuandika namba apendayo.

Na hapo ndipo ilipopata nguvu sababu ya tatu, nayo ni kujipendekeza. Wauzaji walitambua kwamba mteja hufurahi akiambiwa kuwa yeye ni namba ndogo. Wakaanza kuipanua nguo na kuiacha namba pale pale, au kuishusha. Nguo ambayo leo huandikwa 8 huko Marekani ni pana mno kuliko ile iliyoandikwa 8 mwaka 1958. Kipimo kilichowekwa kieleze kweli kikageuzwa kuwa sifa za uongo, na wanawake wa nchi za mbali, ambao hata hawakulengwa kwa sifa hizo, wakaletewa mkorogo wake ndani ya marobota.

Jambo hili si geni kwetu kabisa. Wazee wetu wa pwani, wakati misafara ilipokuwa ikienda bara, walipima nguo kwa mkono, yaani toka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili ni doti. Lakini mkono wa nani? Mwenye mkono mrefu alipata zaidi, na mwenye mkono mfupi alipunjika. Ndiyo maana watu wakahitaji yadi na mita, ambazo hazimjui mrefu wala mfupi. Namba ya gauni imeturudisha kwenye mkono, tena mkono wa mtu tusiyemwona.

Sasa turudi kwenye suali letu la dhima. Muuzaji wa Kharumwa, au wa Tanga, au wa Mombasa, atasema: "Namba sikuiandika mimi. Nimeikuta." Maneno hayo yana kweli ndani yake, wala si haki kumwita mwizi mtu ambaye hakukusudia kuiba. Lakini hayamtoi katika dhima. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la chakula, akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua iliyonyesha. Hakuambiwa kuwa yeye ndiye aliyeileta mvua. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha likaja onyo kali juu ya kila mwenye kughushi. Funzo lake ni dhahiri: aibu ya bidhaa huenda isiwe kosa lako, lakini kuificha hali waijua ni kosa lako. Na muuzaji wa nguo anajua. Kila juma hurudiwa na wanawake wenye malalamiko yale yale. Ajuaye kwamba namba 14 ya tundiko hili si sawa na 14 ya tundiko lile, kisha akanyamaza, anauza neno asiloliamini mwenyewe.

Tena twajua jinsi Qur'ani ilivyolipa uzito jambo la vipimo. Nabii Shuaybu (A.S.) alitumwa kwa watu wa Madyan, na baada ya kuwaita kwenye Tauhidi aliwakataza kupunguza vipimo na mizani. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wapunjaji. Mtu anaweza kusema kwamba aya hizo zahusu nafaka na fedha. Lakini maadamu kilichokatazwa ni kumpa mtu pungufu ya kile anachodhani amepewa, je, kitambaa kina hukumu yake peke yake?

Mwingine atasema kwamba miili haifanani. Wawili wenye kifua kimoja hutofautiana kiuno, nyonga na kimo. Namba moja itawezaje kuwatosha wote? Hii ni hoja ya haki, nasi twaikubali. Namba moja haiwezi kusema kila kitu. Lakini asiyeweza kusema yote hana ruhusa ya kusema uongo; na aseme jambo moja la kweli. Mfano tunao majumbani mwetu. Abaya inayotoka Dubai huandikwa 52, 54, 56 au 58, na namba hiyo ni inchi za urefu wake toka begani hadi pindoni. Haisemi kila kitu, lakini isemalo waweza kulihakikisha kwa tepu. Vivyo hivyo nguo nyingi za Uchina huwa na maandishi kama 160/84A: maana yake kimo cha sentimita 160, kifua cha sentimita 84, na herufi yaeleza tofauti baina ya kifua na kiuno. Kumbe kweli inawezekana kuandikwa juu ya kitambaa kidogo. Kinachokosekana ni nia.

Liko jambo jingine ambalo twaliona zito kuliko hasara ya fedha. Mwanamke aliyezidiwa na namba hailaumu namba, huulaumu mwili wake. Msichana asiyeingia katika nguo iliyoandikwa XL hurudi nyumbani akijiona ameharibika, akaanza kujinyima chakula. Subhanallah! Kwa Wasukuma, na kwetu mwambao vile vile, mama mwenye mwili alihesabiwa kuwa na afya na baraka. Kanga zetu nazo huuzwa doti moja, upana mmoja na urefu mmoja, hujifunga bibi mnene na msichana mwembamba, wala kanga haimuulizi mtu namba yake. Leo tumeingiza majumbani kipimo kisichojua hata kupima, tukakipa ukadhi juu ya umbo ambalo Mwenyezi Mungu amelitengeneza vizuri. Nguo imeumbiwa mtu. Mtu hakuumbiwa nguo. Isipomkaa, iliyokosea ni nguo.

Basi tufanye nini? Tusingoje viwanda vya mbali vitubu. Yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, muuzaji na aweke tepu juu ya meza. Kila gauni alitandaze, apime kifua, kiuno na nyonga, aandike sentimita kwenye karatasi na kuibandika. Ni kazi ya dakika mbili, nayo ni amana. Na atundike pazia pembeni, ili mwenye haya asilipie haya yake kwa hasara.

Pili, auondoe ule ukali wa kibao. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi twajua kwamba wanaouziana waweza kuwekeana sharti la hiari ya kurudisha, lisilozidi siku tatu. Mke na apelekewe nguo nyumbani, aijaribu katika stara yake, na isipomfaa irudishwe ikiwa safi kama ilivyotoka. Na hata pasipo sharti, kumpokelea ndugu yako aliyejuta kununua ni jambo lililosifiwa katika Hadithi na kuahidiwa malipo makubwa.

Tatu, mwanamke na ajue vipimo vyake mwenyewe kwa sentimita, aviandike, na aende navyo sokoni. Fundi cherehani wa barazani atampimia mkewe au bintiye amsaidie, wala hawezi kukosa. Mume anayenunua zawadi safarini aende na vipimo hivyo, asiende na namba ya gauni la zamani. Na nguo itakayombana mtu, hata ikiwa lebo yake yamsifu, aiache, kwani vazi ni stara kabla ya kuwa pambo.

Nne, mnunuzi naye awe mwaminifu. Asiivae nguo arusini kisha airudishe kesho yake akidai kuwa haikumtosha. Hiyo nayo ni kupunja, na kwa sababu ya wachache hao vibao vile vikatundikwa.

Twajua watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na umma una mashaka makubwa zaidi. Lakini watu wa Madyan hawakuangamia kwa kuiba milima. Waliangamia pamoja na ukafiri wao kwa vipunguzo vidogo vidogo, kibaba hadi kibaba, ambavyo kila mmoja wao alivizoea mpaka akaona ndiyo biashara yenyewe. Mji unaopima dhahabu kwa gramu unaweza pia kupima gauni kwa sentimita. Na mfanyabiashara anayeogopa kuibiwa katika mizani ya mwenziwe, na aogope vile vile kuwa yeye ndiye mizani mbovu ya mjane na ya msichana.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, vile tuvionavyo na vile tusivyoviona, na azifanye biashara zetu ziwe za halali na za baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.