Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?



Ndugu zetu Waislamu, kila inapotoka serikali moja ikaingia nyingine, huzuka katika nchi yetu mjadala ule ule: je, wakubwa waliotoka, ambao watu wawalalamikia kwa dhulma au kwa mali ya umma, washitakiwe au wasamehewe? Kundi moja husema, tusifukue makaburi, hawa ni wazee, na kuwashitaki ni kuwasha fitina. Kundi la pili husema, sheria ni moja kwa mkubwa na mdogo. Hoja za pande zote mbili zina uzito wake. Walakini twaona kuwa makundi haya, pamoja na kuteta kwao, yamekubaliana katika jambo moja, nalo ndilo kosa lao: yote mawili humtazama Rais peke yake, asamehe au asisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Hatutaki kulizungumza jambo hili hewani. Natutazame pahala pamoja, Olenguruone, upande wa Nakuru, kando ya msitu wa Mau. Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Malindi akasema, "Hayo ni mambo ya bara, sisi yatuhusuni?" Na asubiri kidogo.

Mwaka 1941 serikali ya Kiingereza iliwaweka Olenguruone Wakikuyu iliowatoa katika nchi ya Wamasai. Watu wale waliihesabu ardhi ile kuwa ni haki yao, badala ya walizopoteza. Serikali ikawaambia, nyinyi ni wapangaji tu, mtalima kwa masharti yetu. Wakakataa, wakala kiapo cha kutotii, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Ilipofika 1950 walikuwa wamekwisha kutolewa. Hapana afisa aliyeulizwa habari ya mazao yao wala ya nyumba zao.

Kisha, tarehe 12 Agosti 1963, katika mji wa Nakuru, Mzee Jomo Kenyatta alisimama mbele ya walowezi wa Kizungu akawataka wasameheane yaliyopita. Maneno yale yalisifiwa duniani kote, nasi hatuyapuuzi, kwani yaliepusha damu. Tena yeye alikuwa amezuiliwa karibu miaka tisa, basi ilikuwa haki yake kukisamehe kifungo chake. Lakini shamba la mtu aliyetolewa Olenguruone halikuwa shamba la Mzee Kenyatta.

Tangu hapo msamaha umekuwa ni mali ya mtawala. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasidaiwe kwa waliyoyatenda kaskazini mwa nchi kati ya 1963 na 1967, na wengi wa waliodhulumiwa huko ni ndugu zetu Waislamu. Mwaka 1975 mahkama ilimwondoa Bungeni Paul Ngei, waziri aliyewahi kufungwa pamoja na Kenyatta, kwa kosa la uchaguzi. Na sheria ilimkataza kugombea kwa miaka mitano. Rais hakuwa na uwezo wa kusamehe kosa la namna hiyo. Ikafanywaje? Katiba yenyewe ikabadilishwa kwa haraka mwezi wa Disemba, Rais akapata uwezo, Ngei akasamehewa, na mwaka 1976 akarudi Bungeni. Je, aliulizwa mpinzani wake aliyetishwa? Waliulizwa wapiga kura?

Ukaja mwaka 1992. Olenguruone na Molo zikaungua. Jirani alimchomea jirani nyumba, na watu wakalala barabarani na makanisani. Shirika la Human Rights Watch lilikisia mwaka 1993 kuwa katika nchi nzima waliouawa ni 1,500 kwa uchache, na waliokosa makao ni 300,000. Kamati ya Bunge chini ya Bwana Kiliku ilichunguza mwaka ule ule wa 1992. Kisha ikaundwa Tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998. Ikamaliza kazi 1999, na ripoti yake ikalala kabatini mpaka 2002 ndipo watu wakaisoma. Majina ya maafisa yalitajwa humo. Hapana mkubwa hata mmoja aliyehukumiwa. Rais Moi alitoka madarakani mwaka 2002, watu wakabishana kama asamehewe au ashitakiwe, naye akafariki Februari 2020 bila ya kushitakiwa. Huo nao ni msamaha, ila haukuandikwa. Na pale Kuresoi, jirani na Olenguruone, moto ukawaka tena baada ya uchaguzi wa Disemba 2007.

Sasa twarudi kwa msomaji wetu aliyeuliza yamhusuni. Tume ile ile ya Akiwumi ilisikiliza pia habari za Likoni, kilipovamiwa kituo cha polisi usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, na watu wa bara wakachomewa vibanda vyao na kukimbia. Waliofiwa Likoni na waliofiwa Olenguruone wameandikwa katika kitabu kimoja, na kesi yao ikaachwa kwa namna moja. Atakayesema ya Olenguruone ni ya bara, basi amekwisha kusema kuwa ya Likoni hayamhusu mtu wa Nakuru.

Katika dini yetu mas-ala haya si mageni. Wanazuoni wamezigawa haki mafungu mawili: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Imamu Mawardi, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza katika Al-Ahkamus-Sultaniyya kwamba mtawala aweza kusamehe adhabu ya taazira akiona maslaha, lakini msamaha wake hauondoi haki ya mtu aliyedhulumiwa. Na katika Suratul-Israa, aya ya 33, Mwenyezi Mungu amempa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 178, msamaha umewekwa katika mkono wa ndugu wa marehemu. Hata shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu husamehewa kila kitu, illa deni, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.). Ikiwa damu ya shahidi haifuti deni la mtu, kalamu ya Rais itafuta?

Tutaambiwa, "Mbona Mtume aliwasamehe Makureshi siku ya kufunguliwa Makka?" Naam, aliwasamehe, nao walikuwa wamemtoa yeye mwenyewe mjini kwake. Na alipozifuta damu za zamani katika hija yake ya kuaga, alianza na damu ya jamaa zake mwenyewe, na alipoifuta riba alianza na ya ami yake Abbas. Atakaye kusamehe kwa ajili ya umoja wa nchi, na aanze na kilicho chake.

Wala hatusemi kuwa kila mzee afungwe. Mjane akisamehe, ni fadhila kubwa, na malipo yake yako kwa Mungu kama ilivyo katika Suratush-Shura, aya ya 40. Tulitakalo ni aulizwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 133, imemwondolea Rais uwezo wa kusamehe peke yake. Sasa hufuata ushauri wa kamati. Hilo ni jema. Lakini someni vizuri: imeandikwa kwamba kamati hiyo "yaweza" kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Yaweza! Haikulazimishwa. Neno hilo moja lamfanya aliyechomewa nyumba kuwa mgeni katika kesi yake. Wabunge wetu wa Pwani, ambao hupiga hodi kila mwaka wa uchaguzi, na waulizwe kwa nini lisiwe "lazima", na kwa nini iliyo kimya juu ya fidia isitamke.

Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Kuomba radhi ni kuzuri, kwani aliyeomba radhi amekiri kuwa msamaha hauko kwake. Ila radhi ina mwendo wake, nasi twaujua mwendo huo kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Alimtuma Khalid bin Walid kwa Bani Jadhima, Khalid akawaua watu wasiostahili kuuawa. Khabari ilipofika, Mtume aliinua mikono akajitenga mbele ya Mungu na kitendo kile cha afisa wake. Kisha akampa Ali bin Abi Talib mali, akamtuma aende kwao. Ali akalipa damu moja moja, akalipa kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Alipomaliza akawauliza kama kuna aliyebaki na dai. Wakasema hapana. Nazo fedha zilikuwa zimembakia mkononi, akawapa zote, kwa ajili ya yale ambayo wala yeye wala wao hawakuyajua.