Hiari ya Mtu wa Unga

Husemwa kwamba mtumiaji wa unga amejitakia, na aliyejitakia hastahili huruma. Neno hili ni kweli kwa nusu yake. Kete ya kwanza mtu huipokea kwa mkono wake, aghalabu kutoka kwa rafiki, kijiweni, penye vijana wengi na kazi chache. Lakini kete ya mia hainunuliwi kwa ajili ya raha. Hununuliwa ili kuikimbia arosto: maumivu ya mifupa, matapishi, na usiku usio na usingizi. Je, hapo hiari i wapi?

Nakiri kuwa ni rahisi kuuliza hivi kwa asiyeibiwa. Mama ambaye mwanawe ameuza sufuria zake, kisha nguo zake, akifunga mlango, mimi sithubutu kumlaumu.

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huituliza arosto. Mtu yule yule aliyedhaniwa hana hiari huamka alfajiri akaenda kuinywa, leo, kesho na keshokutwa. Kumbe hiari haikufa. Ilifungwa na maumivu. Kisha hurudi mtaani, na mtaani jina lake lingali teja. Mwenye duka humwangalia mikono, posa yake hukataliwa, kazi hapewi. Akiurudia unga jioni ile, je, sisi hatuna mkono katika kete hiyo?